Masika 84,000: Dhidi ya Dai Kwamba Ubuddha ni Mizimu kwa Jina Jingine

Kila panapozuka mazungumzo juu ya Ubuddha katika Afrika Mashariki, iwe ni katika darasa la dini linganishi, katika maelezo yanayobandikwa kando ya sanamu kwenye maonyesho, au katika hotuba ya mtu anayeusifu au kuulaani, hufika wakati ambapo msemaji hutoa kauli ile ile: kwamba fundisho la Kibuddha kuhusu kifo na kuzaliwa tena si geni kwa Mwafrika, kwa sababu Mwafrika tangu zamani anaamini kuwa wafu hurudi na kuwa babu huja tena katika mjukuu anayepewa jina lake, hata mshairi au mchongaji anayetaka kulieleza fundisho hilo kwa watu wake hana kazi kubwa zaidi ya kumvika mzimu joho la mtawa. Kauli hii ina mvuto unaoeleweka, kwani inamwondolea Mwafrika aibu ya kuonekana mgeni kila anapokutana na fikra kubwa ya mahali pengine, na inampa mwalimu njia ya mkato. Hata hivyo inaupotosha Ubuddha, inawapotosha watu inaowasemea, na, jambo ambalo hutajwa kwa nadra, huzaa sanaa dhaifu. Mahali pazuri pa kuipimia ni Rukoki, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, kwa kuwa dai linalotolewa kwa niaba ya Waafrika wote lina wajibu wa kusimama hata pale ambapo waliolibuni hawakupafikiria.

Ni lazima kwanza fundisho lenyewe liwekwe wazi, maana kauli inayopingwa hapa huishi kwa sababu wengi huliruka. Mafundisho ya kale ya Kibuddha, yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, yanasema kwamba viumbe huzunguka katika mfululizo usio na mwanzo unaojulikana wa kuzaliwa, kuzeeka na kufa, mzunguko uitwao samsara, na kwamba kinachousukuma mzunguko huo ni kamma, yaani matendo ya makusudi ya mwili, kauli na mawazo. Mpaka hapo msikilizaji wa Kiafrika huweza kutikisa kichwa kwa kukubali, na hapo ndipo wasemaji wengi huishia. Lakini fundisho linaendelea kusema jambo la pili ambalo bila hilo la kwanza halina maana ya Kibuddha: hakuna nafsi ya kudumu inayohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Fundisho hili, liitwalo anatta, linamwona mtu kuwa mkusanyiko wa mambo yanayobadilika kila dakika, yaani mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu, na hata yakichunguzwa moja moja halipatikani ndani yake jambo linaloweza kuitwa mwenye nyumba. Kinachozaliwa baada ya kifo kinatokana na kilichotangulia kama matokeo yanavyotokana na sababu, wala hakuna msafiri aliyebeba mzigo wake na kuvuka.

Swali linalofuata ni la haki, nalo lilikwisha kuulizwa kabla ya kuwako chuo chochote Afrika Mashariki: itakuwaje kuwe na kuzaliwa tena ikiwa hakuna anayehama? Katika Maswali ya Mfalme Milinda, kitabu cha Kipali kinachosimulia majadiliano kati ya mfalme mwenye asili ya Kiyunani aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi na mtawa aitwaye Nagasena, mfalme anauliza hivyo hivyo, na mtawa anamjibu kwa mifano miwili. Wa kwanza, wa taa inayowashwa kwa taa nyingine, unajulikana sana. Wa pili hutajwa mara chache ingawa ndio unaomhusu mshairi moja kwa moja: Nagasena anamuuliza mfalme kama anakumbuka ubeti aliofundishwa na mwalimu wake utotoni, na mfalme anapokubali, anamuuliza kama ubeti huo ulihama kutoka kwa mwalimu. Ubeti haukuhama, kwa maana mwalimu alibaki nao; na bado kama si mwalimu, mwanafunzi asingekuwa nao. Inafaa kuzingatiwa kwamba kitabu cha dini, kilipotafuta mfano wa kuzaliwa tena, kiliacha babu na mjukuu, kikaliacha kaburi, kikachagua ushairi unaopokezwa kwa mdomo. Hapa kuna mlango mpana kwa utamaduni wowote ambamo watoto hukaririshwa tungo kabla ya kujua kusoma, na ni ajabu kwamba wanaotafuta daraja kati ya Afrika na Ubuddha wameupita bila kuutazama.

Imani ya kurudi kwa wafu, kwa upande wake, ina heshima yake na mantiki yake, na haiheshimiwi kwa kufanywa kivuli cha kitu kingine. John Mbiti, aliyefundisha Makerere katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba pale inapokutikana imani hiyo, mara nyingi ni kurudi kwa sehemu tu: baadhi ya sifa za marehemu huonekana kwa mtoto, sura au tabia, huku marehemu mwenyewe akiendelea kuwako kwa nafsi yake, akikumbukwa na kuhudumiwa na ukoo kwa vizazi vinne au vitano. Tofauti na fundisho la Kibuddha si ndogo. Katika imani ya kurudi, marehemu hubaki yeye yule na ukoo unamtaka hivyo. Mtoto anayefanana naye ni furaha ya nyumba, dalili kwamba mauti hayakushinda. Katika Ubuddha kuzaliwa tena ndiko tatizo lenyewe. Lengo ni kufikia nibbana, yaani kuzimika kwa tamaa, chuki na upumbavu, ili mzunguko ukome, na mtawa anayesali apate kurudi nyumbani kwa wajukuu zake atakuwa amekosea njia tangu hatua ya kwanza. Anayesema mambo haya mawili ni mamoja anafanana na mtu aliyewaona wasafiri wawili katika kituo cha mabasi cha Kasese, mmoja akielekea Mpondwe na mwingine Fort Portal, akahitimisha kuwa wanakwenda pamoja kwa vile wamesimama kwenye vumbi moja.

Onyo juu ya aina hii ya kosa lilitolewa Uganda zamani. Okot p'Bitek, mwandishi wa Song of Lawino (1966), alichapisha mwaka 1970 kitabu kilichowashambulia wasomi wa Magharibi, na pia Waafrika waliowafuata, kwa kuwavika miungu wa Afrika mavazi ya Kiyunani ili waonekane wanastahili mbele ya Wakristo. Hoja yake ilielekezwa kwingine, lakini inaingia hapa bila kulazimishwa, kwani anayewavika mababu mavazi ya Kihindi ili waonekane wanafalsafa ameshuka nao soko lile lile, kabadilisha duka tu.

Kufikia hapa mtetezi wa kauli inayopingwa anaweza kukubali tofauti za mafundisho na bado akadai kwamba angalau desturi ipo, kwamba watoto wa Kiafrika hupewa majina ya wafu na kwamba desturi hiyo ni ardhi tosha ya kupandia. Ni kweli kwa Wakikuyu wa Kenya, ambao huwapa watoto majina ya babu na bibi kwa utaratibu unaofahamika. Lakini Rukoki si Nyeri. Wakonzo, wenyeji wa Rukoki, Kasese na Bwera, na ndugu zao Wanande ng'ambo ya mpaka wa Kongo, wana mfumo ambao msingi wake haumtazami marehemu kabisa: jina hutokana na nafasi ya mtoto katika uzao wa mama yake. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Mwana wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Na kwa Wanande majina hayo husikika kama Kambale, Kasereka, Kakule na Katembo. Mwana wa kwanza ana majina zaidi ya moja yanayoweza kumwangukia, likiwemo la Mumbere, ambalo ni jina la Omusinga wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, ambaye ufalme wake ulitambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009. Anayezaliwa baada ya mfululizo wa jinsia moja kukatika, kama vile mvulana anayefuata wasichana, huitwa Muhindo. Familia huongeza majina ya ubatizo au mengineyo, lakini uti wa mgongo ni hesabu hiyo. Jina halisemi mtoto ni nani aliyerudi. Linasema amekuja wa ngapi.

Kwa hiyo dai lililotolewa kwa niaba ya Waafrika wote linaanguka mlangoni pa nyumba ya kwanza ya Rukoki. Mtu angeweza kuishia hapo na kuhesabu ushindi, lakini mfumo huu wa majina una faida zaidi ya kuwa kizuizi, kwa sababu unafungua njia ya kueleza kifo cha Kibuddha ambayo Mkikuyu, na Mhindi pia, hana.

Katika Therigatha, mkusanyo wa tungo 73 za watawa wa kike wa kwanza wa Kibuddha, ambao ulipokezwa kwa mdomo kwa vizazi kabla ya kuandikwa, kuna utungo mfupi wa mwanamke aitwaye Ubbiri. Alikuwa amefiwa na binti yake aliyeitwa Jiva, na alikuwa akienda kumlilia mahali pa kuchomea maiti. Buddha hamwambii kwamba binti yake atarudi, wala kwamba yuko mahali pema, maneno mawili ambayo matanga mengi ya dunia yameyategemea. Anamweleza kwamba katika uwanja ule ule wamechomwa mabinti 84,000, wote wakiitwa Jiva, kisha anamuuliza anamlilia yupi kati yao. Idadi hiyo ni ya kimapokeo, namna ya kale ya kusema wasiohesabika, na fundisho lililomo ndani yake ni samsara nzima: katika mzunguko usio na mwanzo mama huyu amekwisha kuzaa na kuzika mara nyingi mno, na upekee wa huyu mmoja, unaomchoma moyo kiasi hicho, unasimama juu ya usahaulifu tu. Ubbiri anaeleza kisha kwamba mshale uliokuwa moyoni mwake umeng'olewa.

Utungo huu ni mgumu kutafsirika katika sehemu nyingi za dunia, kwa kuwa msomaji wa London au wa Dar es Salaam anayesoma kuhusu mabinti 84,000 wa jina moja huona chuku ya Kihindi na kupita. Msomaji wa Rukoki haoni chuku. Masika amezikwa katika kila boma lililowahi kupata binti wa kwanza na kumpoteza, kuanzia miteremko ya Kilembe mpaka Bwera, na ng'ambo ya mto Lhubiriha anazikwa tena miongoni mwa Wanande. Mama anayeita jina hilo makaburini anaita, atake asitake, mabinti wa kwanza wote wa nchi yake. Mshairi wa Kikonzo, awe anaandika kwa Lukonzo au kwa Kiswahili kinachosikika kila siku ya soko Mpondwe, angeweza kuutunga upya utungo wa Ubbiri bila kubadilisha chochote isipokuwa jina, na hangehitaji tanbihi. Kinachomwezesha kufanya hivyo hakihusiani hata kidogo na imani ya kurudi kwa wafu. Mama huyo angekuwa na imani hiyo, na jina la bintiye lingekuwa la nyanya yake mzaa mama, swali la Buddha lingepoteza makali mara moja: unamlilia yupi? Huyu, ambaye ni nyanya yangu, na atarudi tena. Daraja la mizimu, likipitishwa hapa, linauvunja utungo kwenye kiungo chake hasa.

Upo upinzani mmoja wenye nguvu unaopaswa kujibiwa kwa uangalifu. Jataka, hadithi 547 za maisha ya awali ya Buddha, ambazo kwa karne nyingi zimekuwa chemchemi kubwa ya picha na michongo ya Kibuddha, humalizika kwa Buddha kuwatambulisha wahusika, akieleza nani wa leo alikuwa nani wakati ule na kujitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyekuwa sungura, tembo au mfalme wa kisa. Je, huku si kusema kwamba yule yule amerudi? Wafafanuzi wa Kibuddha hujibu kwa kutenga usemi wa mazoea na usemi wa uhalisi wa mwisho: mtu mzima husema alipokuwa mtoto aliumwa surua, na hasemi uongo, ingawa akichunguzwa hakuna kitu ndani yake kilichobaki vile vile tangu wakati huo. Jibu hilo linatosha kwa mafundisho, lakini kwa sanaa kuna jibu bora zaidi, nalo ni kwamba nyingi za hadithi hizo zilikuwa ngano za watu kabla ya kuwa za Kibuddha. Watawa walizichukua ngano za wanyama zilizokuwa zikisimuliwa vijijini na kuzipa mwisho mwingine. Huo ndio utaratibu ambao watetezi wa daraja la mizimu hudai kuufuata wanapojitetea kwa kile ambacho Wabuddha huita upaya, yaani ustadi wa kumfikishia mtu fundisho kwa njia anayoiweza. Na hapo ndipo wanaposhindwa, kwa sababu wao huichukua imani ya wenyeji na kuiacha na mwisho wake ule ule. Ngano iliyoingia Jataka ilitoka imegeuka. Babu anayeingia katika shairi lao hutoka babu.

Mfano wa kinyume unapatikana katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 19 kuhusu kuanguka kwa Pate, unauamsha moyo kwa kuuonyesha majumba yaliyokuwa na taa na wageni na sasa yamebaki makao ya popo na ndege, na mabwana waliolala juu ya matandiko ya fahari na sasa wamo kaburini pamoja na wadudu. Mtu aliyeusoma utenzi huo yuko tayari, kuliko msomaji wa kitabu chochote cha utangulizi wa Ubuddha, kuelewa picha za Kijapani ziitwazo kusozu, zinazoonyesha hatua tisa za kuoza kwa maiti, mara nyingi ya mwanamke mrembo aliyeachwa uwanjani, ambazo chimbuko lake ni zoezi la kale la watawa la kutafakari maiti ili kuvunja tamaa ya mwili. Jicho ni moja. Ujasiri wa kutogeuza uso ni mmoja. Lakini Sayyid Abdalla anakwenda kwenye Siku ya Hukumu na moto, kwa vile anaamini nafsi moja itakayosimama mbele ya Mungu mmoja, hali mchoraji wa kusozu anaishia kwenye mifupa iliyotawanyika ambayo haina tena mwenyewe. Msanii anayejua kuvitenga vitu hivi viwili, jicho na hitimisho, anaweza kuazima la kwanza bila kughushi la pili. Hakuna mtu mwenye akili anayedai kwamba mshairi wa Pate alikuwa Mbuddha kwa siri, na hakuna sababu ya kuwatendea Wakonzo jambo ambalo Mswahili hatendewi.

Kwa upande wa sanaa za mikono hali ni hiyo hiyo. Katika michongo ya Sanchi nchini India, ya karne zinazokaribia mwanzo wa tarehe ya Kikristo, Buddha haonyeshwi kwa umbo la mtu: panachongwa kiti kitupu, nyayo, au mti ambao watu wanausujudia. Wasomi wanabishana kuhusu sababu, lakini athari kwa mtazamaji haina ubishi, kwani kiti hicho hufanya pengo kuwa kitovu cha picha. Borobudur, hekalu la karne ya 9 kisiwani Java, lina michongo 160 ya matendo na malipo yake ambayo ilizibwa kwa mawe katika sehemu ya chini ya jengo na haikujulikana tena mpaka mwaka 1885. Na katika milango ya nyumba za watawa za Tibet huchorwa gurudumu la maisha, ambalo Yama, mauti, amelishika kwa meno na kucha, na ndani yake wamo si wanadamu na wanyama peke yao bali hata miungu, kwa kuwa katika Ubuddha miungu nao hufa muda wao ukiisha.

Ni hapa ambapo Rwenzori ina neno la kusema. Wakonzo wanamtaja Kitasamba, mwenye makao yake juu ya vilele, kwenye theluji. Theluji hiyo inakwisha. Tangu msafara wa Duke wa Abruzzi ulipopanda vilele hivyo mwaka 1906, barafu imepungua kutoka zaidi ya kilometa sita za mraba hadi chini ya moja mwanzoni mwa karne hii, na mto Nyamwamba uliofurika mwezi Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa hospitali ya Kilembe na nyumba za watu, umewafundisha wakazi wa bondeni kwamba mlima si kitu cha kudumu. Mungu ambaye nyumba yake inayeyuka machoni pa wanaomtaja ni mada inayogusa kiini cha anicca, fundisho la kutodumu kwa kila kilichotungika, na mchoraji wa gurudumu la maisha anayetafuta sura ya miungu wanaokufa hana haja ya kukopa miungu ya Kihindi. Ni mada nzito, na wapo wazee wa Rwenzururu ambao wangeikataa kwa hasira. Lakini angalau ni mada halisi, ambayo mchoraji wa daraja la mizimu asingeiona kamwe, kwa sababu macho yake yako kaburini akimsubiri babu.

Karibu na mji wa Kasese, Rwenzori Founders, kiwanda cha sanamu kilichoanzishwa kwa juhudi za Rungwe Kingdon, msubu mashuhuri aliyekulia Uganda, kimewafunza vijana wa huko kusubu kwa njia ya nta. Fundi huunda umbo kwa nta, hulifunika kwa kalibu, hulichoma mpaka nta yote iyeyuke na kutoka, kisha humimina mchanganyiko wa shaba na bati ulioyeyushwa mahali nta ilipokuwa, na mwisho huvunja kalibu. Hakuna chembe ya nta iliyoingia katika sanamu, na hakuna mstari wa sanamu usiotokana na nta. Sanamu za Buddha za Nepal na Thailand zimesubiwa hivyo kwa karne nyingi, na Buddhaghosa, mfafanuzi mkuu wa karne ya 5 aliyeandika Sri Lanka, alitumia mfano ulio jirani sana, ule wa muhuri na chapa yake, kueleza jinsi fahamu ya maisha mapya inavyotokana na ya zamani bila kitu kuvuka. Fundi wa Kasese ameshika mikononi hoja ambayo wanafalsafa waliitolea jasho. Kwamba sanamu nyingi zinazotoka katika viwanda vya aina hiyo ni za wanyama wa porini, kwa ajili ya wanunuzi wanaopenda tembo na vifaru, ni suala la soko.

Muziki nao usisahauliwe, ingawa hapa inatosha kutaja filimbi za Wakonzo ziitwazo eluma, ambamo kila mpigaji hushika filimbi ya sauti moja, na wimbo hutokea kati yao bila kumilikiwa na yeyote. Aliyewahi kuusikiliza hana haja ya kuelezewa kwa muda mrefu jinsi mkusanyiko unavyoweza kuonekana kama kitu kimoja.

Wanaosimama upande wa pili, wanaosema Ubuddha ni kitu cha Waasia kisichoingia katika lugha za huku, wanastahili jibu fupi zaidi, kwa kuwa ukweli wa kihistoria umekwisha kuwajibu. Wasinhala walikuwa na mahali pao pa ibada Dar es Salaam tangu mwanzo wa karne ya 20. Bhikkhu Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubuddha akiwa mwanafunzi India mwaka 1990 na kupokewa kuwa mtawa Marekani mwaka 2002, alianzisha kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe mwaka 2005. Kuhusu lugha, Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya zinazoacha kabisa mstari ulionyooka wa maisha na mauti, na Kiswahili hakikuvunjika.

Linabaki pingamizi la mwisho, nalo si la wasomi. Tarehe 16 Juni 2023 waasi waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Na mwezi Novemba 2016, jeshi na polisi walipovamia kasri la Omusinga mjini Kasese, waliuawa zaidi ya watu 100. Mbele ya vifo vya namna hiyo, watetezi wa daraja la mizimu husema kwamba hata kama kauli yao si sahihi, ni ya huruma, ilhali fundisho la kamma, likiachwa bila kulainishwa na mababu, linamwambia mama wa Bwera kwamba mwanawe aliuawa kwa makosa ya maisha yaliyopita. Pingamizi hili lingekuwa zito kama fundisho lingesema hivyo. Lakini Buddha, alipoulizwa na mtu aliyeitwa Sivaka kama kila linalompata mtu husababishwa na matendo ya zamani, alikataa waziwazi, akataja sababu nane, zikiwemo maradhi ya mwili, mabadiliko ya hali ya hewa na kushambuliwa, ambapo matendo ya zamani ni moja tu kati yake. Aliyeuawa na waasi aliuawa na waasi. Wa kuulizwa ni wao, na marehemu hana la kujibu.

Na kuhusu huruma, ni vyema kukumbuka kuwa Ubbiri hakufarijiwa kwa ahadi, na bado aliinuka. Mama wa Kikonzo ana haki ya kuukataa utungo huo akiusikia kwa jina la Masika. Anaweza kuona ni ukatili kuambiwa kwamba wake ni mmoja kati ya elfu themanini na nne, na Mkristo wa Dayosisi ya Rwenzori Kusini au Mwislamu wa Bwera ana sababu za kiimani za kusema kwamba huyu mmoja anajulikana kwa jina na Mungu na hatachanganywa na mwingine yeyote. Anayeukataa kwa sababu hizo ameelewa hasa kinachosemwa, na kati yake na mshairi aliyeutunga pameanza mjadala ambao daraja la mizimu, kwa kumpa kila mtu anachokijua tayari, limeuzuia kwa miaka yote hii.